Nukta za Thola Loma

Mfupa wenye uboho ulikuwa kwenye bakuli la Rosmery.

Nilda aliuona akiwa bado mlangoni, kabla hajatua mfuko wa mboga, kabla hata hajavuta pumzi. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu kutoka darajani, kama kila Jumapili, maana trufi, gari dogo la abiria, ilikuwa imemshusha pale inapowashusha watu wote, kibao cha THOLA LOMA kikiwa bado kimesimama kwenye kioo cha mbele bila haya. Blauzi ilimganda mgongoni. Na ndani, mezani kwa mama yake mzazi, mwanamke mwingine alikuwa akiufyonza mfupa wa supu ya karanga, mfupa ambao katika nyumba ile ulikuwa wa Nilda tangu alipoota meno.

"Karibu, mwanangu," alisema mama yake, doña Fortunata, bila kuinuka. "Mwalimu amekuwahi."

"Naona."

"Pole na kilima, dada Nilda," alisema Rosmery, akifuta vidole. "Nilikuwa namwambia mama hapa, supu hii ikipelekwa sokoni Quillacollo watu watashikana mashati."

Mama. Alimwita mama, si doña Fortunata.

"Kuna mfupa mwingine?" Nilda aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa.

"Ulikuwa mmoja. Viazi vipo tele."

Nilda akala viazi. Kando ya bakuli la Rosmery ilikuwepo simu, na katikati ya vijiko viwili vya supu mwalimu huyo alimaliza kazi yake kama mtu anayepiga soga: juzi mama ulisubiri gari wapi, muda gani, baadaye ikawaje. Doña Fortunata alijibu kwa raha, akiongeza mambo ya mbwa wa jirani na bei ya vitunguu. Rosmery alicheka mahali pa kucheka. Kisha akagusa kioo mara moja, na bibi wa watu akawa nukta nyekundu kwenye ramani.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza doña Fortunata.

"Ndiyo hiyo tu, mama. Sasa wewe ni abiria anayejulikana."

"Huyu binti ana adabu," doña Fortunata alimwambia Nilda, kana kwamba Rosmery hayupo. "Anauliza kitu halafu anangoja jibu."

Nilda aliosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ramani ilikuwa ya Nilda. Kwenye ukurasa wa kwanza iliandikwa kwamba ni ya watu wote, data iko wazi, achukue atakaye, na maneno hayo aliyaandika yeye mwenyewe na aliyaamini. Lakini mtoto hata akiwa wa ukoo mzima, kuna aliyemzaa. Kabla yake bonde zima la Cochabamba, kuanzia Sacaba hadi Sipe Sipe, lilikuwa na magari kila kona na hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Kila mtu aliijua laini yake; nyingine aliuliza barabarani, akapotezwa kwa upole. Nilda alikuwa mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, ana diploma yake na watoto wawili, na hakuwa na uvumilivu wa kupotezwa. Akawakusanya wenzake wachache. Walipanda kila laini mpaka mwisho, simu mapajani ikirekodi njia, wakashuka, wakageuza. Madereva wengine walidhani ni mtu wa kodi. Wengine waliamua ni mke anayemwinda mumewe, wakampa siri za waume wasiomhusu.

Laini zilipokwisha, aliongeza sehemu ya abiria. Mtu yeyote mwenye simu angeweza kuweka nukta: hapa ndipo ninapokwenda, nilisubiri pale, muda fulani, gari halikuja. Nukta zikawa nyingi kiasi kwamba ofisi ya usafiri ya mkoa ikaanza kuzitazama, kisha ikasema haitatoa kibali cha kubadili njia mpaka nukta zionekane. Ulikuwa ushindi mkubwa. Ulileta pia wajanja. Muuza magodoro mmoja alijaza nukta mbele ya duka lake ili magari yapite mlangoni kwake, zote kutoka simu yake. Nilda akatunga kanuni: simu moja, mtu mmoja. Na ufunguo wa kufuta nukta zilizovunja kanuni akaushika yeye.

Ndipo Rosmery Colque akaja. Alikuwa mwalimu wa shule ya Thola Loma, mdogo kidogo kwa Nilda, na hata hakuwa mzuri wa sura. Angekuwa mzuri ingekuwa rahisi, mtu ungejua unachochukia. Tatizo ni kwamba watu walimpenda bila sababu ya kuonyesha. Madereva ambao kwa miaka walimwonyesha Nilda kisogo, Rosmery walimwonyesha picha za wajukuu. Aliambiwa barabara inabomokea wapi mvua ikinyesha, na nani haendi Jumatano kwa sababu ya soko. Alisahihisha laini baada ya laini. Na kwenye ramani ile, anayesahihisha mwisho ndiye jina lake linaloonekana. Kila Nilda alipoifungua aliona njia alizozisafiri yeye, kwa mgongo wake na nauli yake, zikiwa zimeandikwa Rosmery, Rosmery, Rosmery.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akashikwa na homa.

Jumanne jioni kikundi kilikutana, kama kawaida, kwenye meza ya nyuma ya muuza api, wote wamekumbatia vikombe vya uji ule wa moto wa mahindi ya zambarau. Safari hii alikuja pia don Casiano Zurita, katibu wa chama cha madereva wa laini ya Thola Loma, mtu mnene mwenye koti la ngozi, anayeketi kama aliyenunua kiti.

"Mimi sina ugomvi na kilima," alisema. "Lakini vijana wangu wanasema juu hakuna watu. Wanapanda na viti vitupu, wanashuka na viti vitupu, shokapu zinakufa. Ndiyo maana wanageuzia darajani."

"Na kibao mnakiacha kwenye kioo," alisema Nilda.

"Kibao hakili mafuta, mama."

"Watu wapo. Mama yangu mzazi yuko huko, na magoti yake."

"Basi nionyesheni. Ijumaa wanachama wanapiga kura. Tutaifungua ramani ukutani, kila mtu aone. Nukta zikiwepo juu, tunapanda. Zisipokuwepo, daraja ndilo mwisho, na kibao tutakibadilisha ili usinisute tena. Si nyie mliotaka mambo ya uwazi?"

Kila mtu mezani alielewa. Miaka yote Thola Loma ilikuwa ikibembeleza gari, na sasa jambo lenyewe lingeamuliwa mchana mmoja. Kama daraja lingeandikwa kuwa mwisho wa laini, hakuna ofisi ambayo ingelifungua tena faili hilo.

"Na tukipanda," don Casiano aliendelea, akichovya kitumbua chake cha jibini, "njia mpya lazima ibatizwe. Bia kwenye magurudumu, karatasi za rangi, fataki. Tutahitaji mama wa ubatizo. Mama wa ubatizo wa laini ni ndugu wa chama kizima. Akipiga simu, gari linakuja, hata kama dereva yuko harusini kwake."

Macho yake yakamfikia Nilda, yakampita kama gari lililojaa linavyompita abiria, yakatua kwa Rosmery.

"Mwalimu, mkono wako unaweza kuvunja chupa?"

"Mkono wangu ni wa chaki, don Casiano."

"Ndio huo huo. Umezoea shabaha."

Meza nzima ikacheka. Limbert, kijana wa kompyuta wa kikundi, alicheka mpaka api ikampalia. Nilda naye alicheka, kwa sababu asingecheka angeonekana. Nani alipanda laini hiyo mara ya kwanza, akashushwa darajani na kutembea peke yake hadi juu ili ramani ipate mstari mzima? Nani alimshika mkono karani wa ofisi ya mkoa mpaka akakubali kuangalia kioo? Lakini chupa itavunjwa na mwalimu.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Nilda aliketi nyuma ya duka katikati ya mifuko ya saruji, salteña, andazi lake la nyama, mkononi, akafungua ramani. Kilima kilikuwa chekundu. Kwa siku chache tu Rosmery alikuwa ameingia nyumba kwa nyumba, na nukta zilizagaa kutoka darajani hadi shuleni. Ilikuwa kazi nzuri. Nilda alijua kazi nzuri akiiona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akagusa nukta moja. Rosmery. Akagusa nyingine. Rosmery. Zote zilitoka simu moja.

Alijua kwa nini. Nusu ya watu wa kule ni wazee, simu zao ni za kubonyeza, zinapokea salamu na habari za misiba, basi. Mwalimu alitumia yake. Hakukuwa na uongo hata punje. Lakini kanuni ilisema simu moja, mtu mmoja, haikusema isipokuwa kwa wazee, haikusema isipokuwa kwa Rosmery.

Bado angeifunga simu na kumaliza salteña yake. Ila akagusa nukta ya nyumbani kwao. Mahali pa maelezo palikuwa pameandikwa: *Bibi wa supu ya karanga.*

Jina la utani. Amempa mama yake jina la utani, na bila shaka mama alilipenda.

Nilda alipangusa mchuzi kidoleni, akachagua kilima chote, akabonyeza *futa*. Ramani ikamuuliza sababu. Akaandika: simu moja. Ikamuuliza kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika kuliko alivyowahi kuwa na uhakika wa kitu. Wekundu ukaondoka, kilima kikabaki rangi ya karatasi.

Kwa muda wa kutafuna matonge mawili alijisikia vizuri sana.

Jioni Limbert alipiga simu. "Dada Nilda, umefagia?"

"Nimefuata kanuni."

"Kanuni naijua, nilikuwepo ulipoitunga. Lakini keshokutwa ndiyo kura."

"Muuza magodoro naye alikuwa na haraka."

"Mama yako si godoro," alisema Limbert, akakata kabla hajajibiwa.

Nilda alimsubiri Rosmery apige, alikuwa ameshaandaa majibu, makali na ya haki. Rosmery akapiga wakati Nilda anakaanga mayai ya watoto.

"Nimeona, dada," alisema. "Ni kweli, nilivunja kanuni. Nilidhani ukiona ni wazee utaelewa, lakini ulipaswa kuambiwa kwanza. Kosa langu. Nitaona la kufanya."

"Kanuni ni kanuni," alisema Nilda.

"Ndiyo. Usiku mwema. Wasalimie watoto."

Yakaisha hivyo. Nilda alibaki na mwiko hewani na majibu yake yote mdomoni. Binti yake Nayra, aliyekuwa mezani, alimtazama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kula."

"Mbona una uso wa mtu aliyeshinda kesi ya jirani?"

"Nimesema kula."

Alijua bado angeweza kuzirudisha. Ramani haitupi kitu. Kilichofutwa hukaa pembeni, mtu mwenye ufunguo anakirudisha kwa kidole kimoja. Alhamisi aliifungua ramani mara kadhaa akaitazama ile alama ya kurudisha. Kila mara alikumbuka kwamba akizirudisha, kitakachorudi si kilima tu, ni Rosmery, Rosmery, Rosmery, na juu yake chupa ya bia. Akajiambia mwalimu amesema ataona la kufanya. Basi aone.

Ijumaa mchana ukumbi wa madereva ulijaa. Ni banda refu la mabati karibu na gereji, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mtu alikuwa ameshawasha ubani kwenye kikaango cha makaa mlangoni ili biashara iende vizuri. Moshi mtamu uliingia mpaka ndani. Madereva waliketi wamekunja mikono, wengi wakitafuna majani ya koka. Nilda alikaa mbele pamoja na Limbert, asiyemsemesha. Rosmery hakuwepo.

Don Casiano aliwasha projekta. Bonde likatanda ukutani, magari ya Sacaba, ya Tiquipaya, ya Vinto, mistari ya rangi zote na nukta kama tetekuwanga. Akasogeza mpaka Thola Loma.

Kilima kilikuwa cheupe.

"Haya," alisema, na sauti yake ilikuwa na masikitiko kidogo, jambo ambalo Nilda hakulitarajia. "Nilitaka kuona watu. Mnawaona? Mimi siwaoni."

"Si tulisema," alisema dereva mmoja nyuma. "Kule wamebaki mbuzi."

"Na mbuzi hawalipi nauli."

"Wengine wanalipa kuliko shemeji yako."

Vicheko. Don Casiano akainua mkono kuita kura. Nilda aliushika ukingo wa kiti. Angesimama. Alikuwa anajiandaa kusimama, hilo alilishikilia baadaye mbele ya yeyote aliyemuuliza. Lakini kabla hajasimama moshi wa mlangoni ulipasuka na mtu akaingia.

Alikuwa doña Fortunata. Nyuma yake wakaja wengine, kofia zao nyeupe za wanawake wa bondeni, fimbo, vumbi mpaka magotini, wazee wa Thola Loma wakiingia mmoja mmoja na kupigwa na kikohozi cha ubani. Walikuwa wametembea kutoka juu hadi darajani, na kutoka darajani hadi ukumbini, kwa sababu darajani hakukuwa na gari. Madereva wote walikuwa hapa wakisikiliza kwamba hawana abiria. Wa mwisho aliingia Rosmery, amemshika mkono mzee asiyeona vizuri.

Doña Fortunata aliegemea fimbo, akavuta pumzi mpaka ikamtosha.

"Mwalimu ametuambia simu haiwezi kututambua sote kwa pamoja," alisema. "Basi tumekuja wenyewe. Tuhesabuni."

Hakuna aliyesema mbuzi tena.

"Mama," alisema don Casiano, amevua kofia, "mimi nawaona kwa macho yangu. Lakini ofisi haitoi kibali kwa macho yangu. Inataka ramani. Mlikuwa wapi siku zote, mbona hamkuwekwa?"

"Tuliwekwa. Mimi mwenyewe niliambiwa ni abiria anayejulikana."

Don Casiano alimgeukia Rosmery. Rosmery akatazama sakafu. "Kulikuwa na hitilafu ya kanuni," alisema. "Yangu."

"Ngoja. Kuna kale kasaa pembeni, wewe ndiye uliyenifundisha. Ukikabonyeza kanasema yaliyopita." Kidole kinene kikatafuta, kikabonyeza. Ukutani, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu, yakatokea: *Nukta zote za Thola Loma zimefutwa. Na Nilda Terrazas. Sababu: simu moja.*

Ilikuwa sheria yake hiyo pia, kwamba kila anayegusa ramani aache jina lake, pasiwe na mkono uliojificha. Aliipigania mkutanoni.

Doña Fortunata hakuwa na miwani. "Pameandikwaje?" aliuliza. Mabati ya banda yalilia kidogo kwa jua.

"Pameandikwa jina langu, mama," alisema Nilda. "Nimewafuta mimi."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Kwa nini?"

"Kanuni."

Mama yake alimtazama. Alikuwa amemzaa, amemlea, amemwona akivunja sahani ya dada yake kwa makusudi na kusema ni upepo.

"Kanuni gani hiyo inayomfuta mama wa mtu?"

Nilda alifungua mdomo atoe maelezo ya muuza magodoro. Kilichotoka kilikuwa kingine, na kilitoka kwa sauti ndogo, ila kilifika mpaka nyuma.

"Ulimpa mfupa."

Madereva walitazamana. "Mfupa gani?" mmoja alinong'ona. "Nyamaza," mwenzake akamjibu, "haya ni ya wanawake, yana kina."

Doña Fortunata pekee ndiye aliyeelewa, na pengine Rosmery, aliyeinua uso ghafla. Bibi huyo hakukasirika. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akanyoosha mguu unaomuuma.

"Yeye alikuja Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili akaja mapema," alisema. "Nyama haingoji."

Nilda akainuka, akaenda kwenye kompyuta ya Limbert. Limbert akampisha. Alikuwa na njia mbili, na alizijua zote mbili kuliko mtu yeyote ndani ya banda lile. Wazee walikuwa hapa, hai, wameketi. Angeweza kuwaandika upya mmoja mmoja, papo hapo, na kilima kikawa chekundu kwa jina la Nilda Terrazas. Ukumbi mzima ungemwona anakiokoa, na nani angekumbuka nani alianza? Au angebonyeza *rudisha*, na kila nukta ingerudi na jina lililoileta.

Alitamani ile ya kwanza. Aliitamani kama maji.

Lakini aliwatazama wale wazee, vumbi kwenye viatu, wote wakimwangalia mwalimu kama watoto wa shule wanaosubiri ruhusa ya kukaa, akaona kwamba hata akiandika mpaka kesho, mtu yeyote mwenye macho angejua. Na saa ilikuwa inakwenda, na madereva wana njaa. Akabonyeza *rudisha*. Ramani ikamuuliza sababu. Aliandika: ni kweli. Ikamuuliza kuhusu kanuni. Akaandika kwamba kuanzia leo mtu mmoja anaweza kuwaandikia wasio na simu, mradi awataje.

Kilima kikawaka ukutani. Rosmery, Rosmery, Rosmery. Ukumbi ukatoa sauti, kitu kama pumzi.

Moja aliiacha. Nukta ya nyumbani kwao hakuirudisha.

Alitoa simu yake mfukoni, akaenda, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake.

"Ulisubiri gari wapi?"

"Mwalimu alishaniuliza hayo."

"Najua. Nijibu mimi."

"Darajani. Nilikuwa natoka kliniki."

"Muda gani?"

"Mpaka baridi ikaanza. Walikuja madereva watatu, wote wakageuza."

"Baadaye ikawaje?"

Doña Fortunata aliitazama mikono yake. "Nilipanda. Pole pole. Pale kwenye jiwe jeupe nilikaa, halafu nikapanda tena. Nilifika, nikalala na viatu."

"Mbona hukunipigia?"

"Hilo nalo ni swali la ramani?"

"Hapana. Hilo ni langu."

"Una kazi, mwanangu. Una watoto. Ungenigombeza."

Nilda aliandika. Kwenye mahali pa maelezo kidole kilisita, kisha akaandika *Fortunata Rojas vda. de Terrazas*, jina zima pamoja na ujane wake, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akagusa kioo. Ukutani, katikati ya wekundu wote wa Rosmery, ikatokea nukta moja ya Nilda.

"Sasa tupige kura," alisema don Casiano, akipenga kamasi kwa kelele. "Huu ubani utatuua."

Mikono ikainuka. Haikuinuka yote, dereva mmoja alisema shokapu zake hazina mama, zinabaki darajani. Lakini ilitosha, na ziada. Kabla vumbi la makofi halijatulia don Casiano alikuwa ameshamshika mwalimu mkono na kumtangaza mama wa ubatizo wa njia mpya, Jumapili ijayo, bia juu ya chama. Madereva wakapiga miluzi. Rosmery alifunika uso kwa viganja, akitikisa kichwa kukataa na huku amekubali.

Nilda alipiga makofi. Si kwa nguvu sana. Wivu ulikuwa pale pale. Aliugusa kwa ulimi wa moyo kama mtu anayegusa jino bovu, akaona bado unauma, akaacha.

Nje, don Casiano aliamua kuwapandisha wazee mwenyewe, sasa hivi, mpaka juu, kibali kingefuata. Magari matatu yakawashwa. Doña Fortunata akasaidiwa kuingia kiti cha mbele cha gari la kwanza, karibu na dereva, akajisogeza ili nafasi ibaki, na akapiga kiti kwa kiganja mara mbili, akiangalia nje kwa dirisha.

"Mwalimu! Njoo ukae hapa na mimi."

Rosmery aliushika mlango.

"Samahani, mwalimu," alisema Nilda, akapenyeza bega kati yake na gari. "Hapa nakaa mimi. Wewe utakaa nyuma."

Rosmery alimtazama, kisha akacheka, cheko fupi la kweli, akamwachia mlango. "Haya, dada. Kilima ni kirefu."

"Nakijua," alisema Nilda. Akaingia, akafunga mlango, akaivuta shali ya mama yake mpaka magotini.